Fedha zina kufuli tatu, majina hayana hata moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo limekuwa likinikereketa tangu shule zilipofunguliwa mwezi Januari, na ambalo naamini limewafika wasomaji wako wengi hata kama hawakupata mahali pa kulisemea. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 39 hapa mjini Tanga. Kazi yangu ni kuandika nani amenunua hisa ngapi, nani amekopa, nani amerejesha na nani hakufika kikaoni, na kwa miaka yote niliyoifanya kazi hiyo nilidhani kwamba kitu pekee cha kulindwa katika kikundi ni fedha zake.

Mwanachama mwenzetu mmoja, mama anayepika chapati na maharage alfajiri kwa ajili ya makondakta na wapiga debe wa stendi, alikwama fedha za sare na madaftari ya watoto wake. Kikundi kilikuwa kimekwisha kufanya mgao mwezi Desemba na kasha lilikuwa tupu, hivyo akapakua kwenye simu yake programu moja ya mikopo aliyoiona ikitangazwa mtandaoni. Aliomba shilingi 80,000. Zikaingia 56,000, kwa kuwa zilizobaki zilikatwa kwa jina la gharama za huduma kabla hajazitia machoni, naye akatakiwa kurejesha 80,000 kamili ndani ya siku saba. Siku ya nane, saa moja asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Ulimtaja kwa majina yake matatu, ukamwita mwizi, ukaniarifu kwamba mimi ni mdhamini wake na kwamba nisipomshinikiza alipe nitachukuliwa hatua pamoja naye. Sikuwahi kumdhamini, na kabla ya asubuhi hiyo sikujua hata kwamba amekopa. Kufika adhuhuri ujumbe huohuo ulikuwa umewafikia karibu wanachama wote, mwalimu wa darasa wa mtoto wake, shemeji zake wawili, mtu anayemuuzia unga wa ngano kwa kuaminiana, na shangazi yake mzee aliyeko Pangani, ambaye alipiga simu huku analia akidhani binti wa kaka yake amekamatwa.

Deni tulilichangia, likaisha. Hata hivyo, kwa wiki tano mama yule hakufika kikaoni, na jiko lake akalihamishia upande wa pili wa mji ambako hakuna anayemfahamu na wateja ni wachache. Nilipomfuata nyumbani hakuzungumzia riba hata kidogo. Aliniuliza neno moja tu: “Katibu, hawa watu namba zenu wamezipata wapi?”

Swali hilo ndilo linaloniandikisha barua hii. Programu ile ilipowekwa kwenye simu iliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, ujumbe mfupi, picha, na mahali simu ilipo, na bila kubonyeza neno la kuruhusu ukurasa wa kuombea mkopo haukufunguka. Mama mwenye watoto wasio na sare hasomi masharti marefu yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, anabonyeza. Kwa kubonyeza huko mara moja, namba zote alizozikusanya kwa miaka mingi, za wateja, za ndugu, za walimu, za mkunga aliyemzalisha, zilinakiliwa na kupelekwa kwa watu asiowajua, walioko mahali asipopajua. Fundi wa simu wa mtaani kwetu alitueleza kwamba kuifuta programu hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa, na tangu siku hiyo nimewasikia watu wengi wakijifariji kwamba wamekwisha kuifuta, nami sina moyo wa kuwaambia kila mara kwamba wamechelewa.

Hapa naomba wasomaji watulie nami kidogo, kwa sababu wengi niliowasimulia mkasa huu walinijibu kwamba mama yule alijitakia, kwani aliruhusu mwenyewe. Tuseme aliruhusu. Je, mimi niliruhusu lini? Mwalimu wa darasa aliruhusu lini? Shangazi wa Pangani, mwenye simu ya kitochi, ambaye hajawahi kugusa intaneti maishani mwake, aliruhusu lini? Namba zetu zilikuwa kwa mama yule mfano wa vyombo ambavyo jirani ameviacha nyumbani kwako anaposafiri: utavitunza, pengine utavitumia kwa ridhaa yake, lakini huna mamlaka ya kuviweka rehani, na anayevipokea rehani huku akijua kwamba si vyako ni mkosaji kuliko wewe. Kiswahili kina jina la kitu cha namna hiyo, nalo ni amana. Jina la mtu, namba yake, sura yake, mahali anapolala, maradhi anayougua na deni analodaiwa ni amana kwa kila aliyepewa, hata kama amepewa kwa njia halali kabisa, na hazigeuki kuwa mali yake kwa sababu tu ziko mkononi mwake.

Nililazimika kujiuliza vilevile namba za wanachama zilifikaje kwenye simu ya mama yule, na jibu halikunipa raha, kwa sababu nyingi nilizipeleka mimi. Miaka miwili iliyopita niliupiga picha ukurasa wa daftari letu wenye majina kamili, namba za simu na namba za vitambulisho vya taifa vya wanachama wote, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp ili kila mmoja ahakiki taarifa zake. Wote walizihifadhi. Picha hiyo ikawa kwenye simu 39, na Mungu ndiye ajuaye iko kwenye simu ngapi nyingine. Wanaovijua vikundi vya aina yetu wanajua jinsi tunavyotunza fedha: kasha la chuma lina kufuli tatu, funguo tatu zinashikwa na watu watatu wanaoishi nyumba tatu tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya wanachama waliokaa duara. Kwa shilingi laki chache tumeweka ulinzi huo wote. Kwa majina na namba za watu, ambazo zikitoka hazirudi, hatukuweka ulinzi wowote, na aliyeziacha wazi ni katibu mwenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba nchi yetu haina sheria juu ya mambo haya. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoundwa chini yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume, aeleze anazikusanya kwa kusudi gani, azitumie kwa kusudi hilo tu, na azilinde. Nayo inampa mwenye taarifa haki ya kujua kilichohifadhiwa juu yake, kudai kirekebishwe, na kupeleka malalamiko. Kwa upande wa mikopo, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo ikautangazia umma majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kampuni ya Google nayo, tangu mwisho wa Mei 2023, imezikataza programu za mikopo binafsi zilizomo katika duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mkopaji.

Hatua hizo ni njema na nazipongeza kwa dhati. Tatizo ni kwamba programu inaweza kusambazwa nje ya duka hilo kwa kiungo kinachotumwa kwa ujumbe, jina lake likabadilishwa kwa siku moja, na mkopaji wa stendi hana namna ya kujua kama aliyemkopesha leo ni yuleyule aliyekatazwa jana. Kubwa zaidi, kati ya wanachama wetu 39 hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia kwamba Tume ipo, mimi nikiwa mmoja wao. Na baada ya kusikia, bado tulikuwa tunajiuliza kama mlalamikaji ni mama aliyekopa peke yake, au hata shangazi yake ambaye hakukopa kitu.

Katika swali hilo jirani zetu wa Kenya wametutangulia kidogo, kwa kuwa sheria yao ya ulinzi wa data ni ya mwaka 2019. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini humo ilitangaza adhabu tatu kwa mara moja: shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi ilitozwa shilingi 4,550,000 za Kenya, kampuni ya mikopo ya kidijitali ikatozwa 2,975,000, na mahali pa starehe palipoweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake pakatozwa 1,850,000. Katika shauri la kampuni ya mikopo, kosa lilikuwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine, kisha kuwatumia wenye namba hizo ujumbe wa vitisho. Kwa maneno mengine, shangazi ana haki yake mwenyewe, isiyopitia kwa mkopaji. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi kwa faraja, nami ningependa kuliona likisemwa waziwazi na mamlaka zetu pia, kwa Kiswahili, redioni, saa ambazo akina mama wako jikoni wanasikiliza.

Kuna sababu nyingine inayoifanya namba ya simu iwe nzito kwetu kuliko ilivyo katika nchi nyingi. Kila laini hapa nchini imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Kazi hiyo ilianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Tena mtu akiwa na namba yako na akaanza kukutumia fedha, jina lako kamili humtokea kabla hajathibitisha muamala. Jambo hilo limetuokoa mara nyingi tusipeleke fedha kusikostahili, wala sisemi liondolewe. Ninachosema ni kwamba Mtanzania anayetoa namba ametoa jina, na pengine jina la ukoo limetaja na kabila na dini yake. Binti anayeuza mitandio kwa picha za mtandaoni huandika namba yake ili wateja wampigie. Ifikapo usiku hupigiwa na wanaume wanaomwita kwa jina la baba yake. Wawili miongoni mwa wanachama wetu wamepatwa na hali hiyo. Tuliwasaidia wafungue lipa namba inayoonyesha jina la biashara badala ya jina lao, na kero ikapungua sana, japo haikuisha.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo najua halitawapendeza wote, nalo ni haki ya mtu kusema mtandaoni bila kutaja jina lake. Husemwa kwamba asiye na hatia hana cha kuficha, na kwamba wanaoficha majina ni matapeli na wenye matusi. Nimeyatafakari maneno hayo kwa uzito kwa sababu yanasemwa na watu ninaowaheshimu. Lakini tuwaangalie matapeli wenyewe. Ule ujumbe wa “ile pesa itume kwenye namba hii”, unaomfikia kila mtu, hutoka kwenye laini zilizosajiliwa. Zimesajiliwa kwa vidole vya watu wengine: bibi aliyeambiwa na wakala asiye mwaminifu arudie kuweka kidole kwa sababu eti mashine haikusoma, akaondoka na laini moja huku ya pili ikibaki kwa wakala kwa jina lake. Mwanachama wetu mmoja alipiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, akakuta mbili asizozijua. Basi tapeli anajificha nyuma ya jina la mtu mwingine, na jina hilo amelipata kwa sababu halikulindwa. Kuwalazimisha waungwana wote wajianike hakumfikii mtu huyo. Kunamwongezea majina ya kuiba.

Wanaohitaji kuficha majina ni watu wengine kabisa. Ni muuguzi anayeona dawa zikitolewa stoo usiku, ni mke anayetafuta ushauri jinsi ya kumkimbia mume anayempiga, ni kijana aliyepimwa akakutwa na virusi na anataka kuuliza kabla hajamwambia mama yake. Sisi watu wa pwani tunalo neno sitara, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba mwenye sitara ni mwenye hatia. Mgeni hupokelewa barazani, akaheshimiwa na kunyweshwa kahawa, wala haulizi kwa nini hakupitishwa moja kwa moja hadi uani. Serikali yenyewe inalitambua hilo, kwa kuwa mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi.

Mwaka huohuo wa 2015, hata hivyo, ilitungwa pia Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo kifungu chake cha 32 kinamwezesha ofisa wa polisi mkuu wa kituo kumwamuru mtu atoe data zinazotakiwa kwa uchunguzi wa jinai, bila kwanza kwenda mbele ya hakimu. Wasomaji watakumbuka kwamba Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa Jamii Forums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kukataa kutoa taarifa za kuwatambulisha watu walioandika humo bila majina yao, na kwamba Aprili 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani katika mojawapo ya mashauri hayo kwa kuzuia uchunguzi, ikampa adhabu ya faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mahakama inahukumu kwa sheria iliyopo. Hoja yangu inawahusu watunga sheria: polisi wana haki ya kuutafuta uhalifu, na yapo makosa ambayo lazima mwandishi wake ajulikane, lakini uamuzi wa kumfunua mtu unapaswa kufanywa na hakimu aliyesikia sababu, wala usiachwe kwa yule anayefanya uchunguzi. Kama kasha la kikundi chetu halifunguliwi na mwenye ufunguo mmoja, sioni kwa nini jina la raia lifunguliwe na mwenye saini moja.

Katika kikundi chetu tumebadilisha yaliyo ndani ya uwezo wetu. Picha ya daftari imefutwa kwenye simu zote mbele ya kikao, na daftari lenyewe sasa linalala ndani ya kasha pamoja na fedha. Namba za vitambulisho tumezihamishia kwenye bahasha iliyofungwa, kwa kuwa kwa kweli hatuzihitaji kila wiki. Mwanachama anayetaka kupakua programu yoyote ya fedha huja kwanza tuangalie pamoja kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na kama inaomba kusoma majina, haipakui. Tumeweka pia mfuko mdogo wa dharura usiogawanywa mwezi Desemba, kwa sababu tulitambua kwamba mama yule alikwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu mwezi ambao kasha letu lilikuwa tupu, na mtu mwenye shida hawezi kuchagua mlango wakati mlango uliofunguka ni mmoja.

Yaliyo nje ya uwezo wetu nayaomba kwa wenye mamlaka. Tume ije mikoani, ikutane na vikundi, mawakala wa laini, nyumba za wageni na zahanati, kwa maana huko ndiko majina ya watu yanakoandikwa kwenye daftari linaloachwa wazi kaunta. Benki Kuu iwe na namba fupi ambayo mtu wa simu ya kitochi anaweza kuitumia kuuliza kama mkopeshaji fulani ana leseni. Malalamiko yapokelewe kutoka kwa kila aliyetumiwa ujumbe wa kumdhalilisha mwenzake, awe amekopa au hakukopa. Nawe Mhariri, naomba wapiga picha wako waendelee kukumbuka kwamba mtoto aliyepigwa picha leo akiwa amekaa sakafuni darasani atakuwa mtu mzima, na picha hiyo bado itakuwa inapatikana mtandaoni kwa jina lake.

Mama wa chapati amerudi kikaoni wiki mbili zilizopita. Alikaa karibu na mlango, akanunua hisa moja, na amenikubalia niyaandike haya ilimradi asijulikane. Nikiweka jina langu, mtu yeyote wa hapa mjini atajua mimi ni katibu wa kikundi kipi, na kutoka hapo kumjua yeye ni kazi ya dakika moja. Kwa sababu hiyo jina, anwani na namba yangu nimeviandika kwenye karatasi ya pili, kwa ajili yako na ofisi yako tu, nami naomba karatasi hiyo ichanwe ukisha kuridhika kwamba mimi ni mtu wa kweli.

Wako,

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa,
Tanga.
(Jina na anwani vimehifadhiwa.)